Saa Saba Asubuhi

Saa saba asubuhi haipo. Saa saba ni ya mchana, jua likiwa limeshavuka utosi, au ni ya usiku, watu wakiwa wamelala fofofo. Hata mtoto anayehesabu kwa vidole atakwambia hivyo, tena atakucheka. Lakini Jumanne ya wiki hiyo, alfajiri, wagonjwa elfu moja na mia nne wa kisukari walipata ujumbe kwenye simu zao: "Choma insulini yako saa saba asubuhi, kisha ule."

Wengi waliguna tu, wakachoma saa moja kama siku zote. Wengine walipiga simu kliniki kuuliza kama wahudumu wamelewa. Waliobaki ni wale wanaoamini kwamba mashine haikosei, na kwamba wakiona limeandikwa jambo la ajabu basi upungufu ni wao. Hao walikaa na njaa wakingoja saba ifike. Jumatano ujumbe ukaja vilevile. Kufikia mchana wa siku hiyo watu watatu walikuwa wamelazwa, na mmoja wao alikuwa shangazi yake Chujio.

Chujio lilikuwa jina la kazini. Mwanamke huyu alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ndogo iliyotengeneza programu hiyo ya kliniki, na walimwita hivyo kwa sababu katika miaka tisa hakuna hitilafu kubwa iliyompita ikawafikia wagonjwa. Alikuwa na macho ya kuona herufi moja iliyokosewa katika mistari mia tano, na alikuwa na mdomo wa kuisema. Vijana walimwogopa, na woga wao yeye aliuita nidhamu.

Sheria yake kuu ilibandikwa ukutani juu ya birika la chai, kwa herufi kubwa: SWALI LISILOANDIKWA HALIKUULIZWA. Maana yake ni kwamba mtu akiwa na shaka juu ya kipande cha programu, aiandike palepale kwenye ukurasa wa ukaguzi, ajibiwe palepale, ili atakayekuja kuifungua kazi hiyo baada ya miaka mitatu akute mazungumzo yote. Neno la mdomo, alipenda kusema, hupeperuka kabla chai haijapoa. Sheria nzuri kabisa, na wengi waliokoka kwa ajili yake. Wiki hii ilikuwa inamwokoa yeye.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mashine huanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Kati ya saa ya mashine na saa yetu kuna tofauti ya sita, kwa hiyo saba ya mashine kwetu ni saa moja asubuhi, na kila programu inayosema na watu kwa Kiswahili lazima mahali fulani igeuze. Miaka saba iliyopita Chujio aliandika kipande kinachosoma wakati wa mgonjwa na kuutoa ukiwa umeshageuzwa. Kipande hicho akakiita "saa", basi. Yeye ambaye angemrudisha kijana mara tatu akisema, "Jina hili halisemi kitu, liandike upya," alikiita chake "saa" akaenda zake. Nyani haoni kundule.

Mwezi huu kazi ya kuandika upya ujumbe wa wagonjwa ilipewa msichana waliyemwita Mgeni. Alikuwa na miaka miwili pale na bado ni Mgeni, maana siku aliyofika meza yake ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "mgeni", na hakuna aliyejisumbua kuibandua. Yeye mwenyewe aliizoea. Alikuwa mpole, mwenye kuandika taratibu na kusoma mara mbili, na alipofika kwenye ile "saa" akasimama. Alishindwa kujua kama wakati unaotoka hapo umeshageuzwa au la.

Akauliza. Alisimama karibu na birika, chini ya ile sheria, akasema, "Dada, hii saa ni ya mashine au ni ya kwetu?"

Chujio alikuwa na kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kwenye simu kulikuwa na mwaliko aliousubiri miaka: ule mfululizo wa mazungumzo ya wataalamu kuhusu kujenga programu bora, kuzitoa na kuzitunza, unaosikilizwa na waandishi wa programu kila mahali, ulimtaka yeye. Alikuwa anausoma kwa mara ya tatu.

"Ya mashine," alisema bila kuinua macho. "Geuza tu."

Mgeni akageuza. Saa iliyokwisha kugeuzwa ikageuzwa tena. Saba ikawa moja, moja ikarudi kuwa saba, kwa maana uso wa saa una namba kumi na mbili tu na sita mara mbili inakurudisha ulikotoka. Neno "asubuhi" lenyewe lilikuwa limewekwa sawasawa. Jumatatu timu nzima ilikaa mbele ya skrini kubwa kutazama toleo jipya. Upande wa kushoto palikuwa na wakati wa mashine, saba kamili. Upande wa kulia palikuwa na ujumbe, saa saba asubuhi. Saba na saba. Watu kumi na wawili waliokula chumvi ya Kiswahili tangu kunyonya waliitazama ikawapendeza, kwa sababu walishinda kutwa wakisoma saa za mashine na masikio yao yalikuwa yamekwenda likizo. Toleo likatoka.

Jumatano alasiri kosa lilionekana, likarekebishwa kwa dakika nne. Alhamisi mkurugenzi aliwaita wote. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na sauti yake ilivyozidi kushuka ndivyo watu walivyozidi kukaa wima.

"Kabla hujageuza," alimwambia Mgeni, "ulimuuliza mtu yeyote?"

Mgeni aligeuka akamtazama Chujio. Hakumtazama kwa kumshtaki. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenye ufunguo, akingoja afungue. Chujio alikuwa ameinamia ripoti iliyo mbele yake, anasoma tarehe. Tarehe hiyo aliisoma muda mrefu sana.

"Hakuna swali nililoandika," Mgeni alisema mwishowe.

"Basi kwa sheria zetu hukuuliza."

"Ndiyo, bosi."

Mkurugenzi akasema Ijumaa saa nane mchana watakutana na Mgeni kumalizia suala lake. Kila mtu alijua kumalizia ni nini. Barua ya maelezo itakayokwenda kliniki zote itataja jina la aliyesababisha, kama mkataba ulivyotaka, na mtu ambaye jina lake limetajwa kwenye barua kama hiyo haandiki tena programu ya hospitali yoyote, labda ya duka la viatu. Mgeni alikusanya karatasi zake. Chujio alirudi mezani kwake, akafungua kazi, akaifunga, akaifungua. Alijiambia atasema kesho. Alijiambia pia kwamba kwa kweli hakumbuki vizuri alijibu nini, na huo ulikuwa uongo wa kitoto, maana alikumbuka mpaka rangi ya kikombe.

Ijumaa asubuhi alipita hospitali kabla ya kazi. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja lililokataa kufungika. Shangazi alikuwa ameegemea mito miwili, ameumia shavu alipogonga mlango wa jiko akianguka, mkono mmoja una mrija wa dripu. Ndiye aliyemlea Chujio tangu darasa la tatu, akamsomesha kwa cherehani.

"Umekula?" shangazi aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Nimekula, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Hujala. Macho yamekuingia ndani kama mwenye deni. Chukua hiyo chai, mimi wananinywesha maji ya mshipa."

Chujio alikunywa chai ya mgonjwa. Ilikuwa imepoa.

"Ile saa saba yenu niliishangaa," shangazi alisema. "Nikasema, aa, hawa wasomi wana asubuhi yao. Mtu anayeamka jua likiwa dirishani, asubuhi yake itakuwa saa ngapi? Si ndiyo hiyo saa saba?" Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Na daktari alinifundisha nichome kwanza ndiyo nile. Basi nikangoja. Jumanne nilipata kizunguzungu tu. Jumatano ndiyo nikaibusu ile fremu ya mlango."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikupigie nikuulize saa? Mtu mzima na mvi zangu?" Shangazi alimkazia macho. "Tena majirani nimeshawaambia simu hii inasema kwa akili ya mwanangu. Nianze kuikosoa mimi?"

Chujio alitaka ardhi ipasuke. Alikunja upindo wa shuka, akaukunjua, akaukunja tena.

"Aliyekosea mmemjua?" shangazi aliuliza.

"Tumemjua."

"Mkubwa au mdogo?"

"Msichana tu. Ana miaka ishirini na sita."

Shangazi hakuwa mtu wa kulipiza. Kuku wa jirani alikula mboga zake miaka mitatu na hakumrushia hata jiwe. Kwa hiyo aliposema, alisema kama mtu anayetoa ushauri baada ya kupima.

"Mfukuzeni. Sina chuki naye, mtoto wa watu. Lakini mtu anayeandika asilolijua bila kumuuliza anayejua, mkimwacha ataua. Angeuliza tu, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Wewe ulikuwa hapohapo, angekuuliza wewe."

"Ndiyo, shangazi," Chujio alisema.

Alitoka wodini akatembea mpaka kazini, dakika arobaini, ingawa angeweza kupanda gari. Njiani alipanga maneno. Atamwendea mkurugenzi saa saba na nusu, kabla ya kikao, faraghani. Atasema huenda kulikuwa na mazungumzo yasiyoeleweka vizuri. Neno "mazungumzo" alilipenda, halina mwenyewe. Alipofika kwenye ngazi alikuwa ameshaipunguza sentensi hiyo mpaka haikubaki na kosa la mtu yeyote.

Yale mazungumzo ya wataalamu aliyoalikwa yangerekodiwa saa nne, kwenye chumba chao cha mikutano. Mkurugenzi alikataa kuyaahirisha. "Tukiahirisha watasema tunajificha," alisema. "Zungumzia funzo. Majina hapana." Aliyekuja kuyaendesha aliitwa Mdadisi, mzee mwenye upara na kicheko cha karibu, aliyeandika programu miaka ishirini kabla ya kushika kipaza sauti. Alitandika kitambaa kizito mezani ili sauti isirudi, akaweka vipaza sauti viwili, akawaomba watu wazime simu. Timu ilikaa ukutani kwa viti. Mgeni alikaa karibu na mlango, daftari mapajani, kwa sababu mpaka saa nane alikuwa bado mfanyakazi.

Chujio alianza vizuri. Hata Mdadisi alisahau kumkatiza.

"Watu wanadhani ubora ni programu isiyo na hitilafu," alisema. "Hiyo haijazaliwa. Ubora ni hitilafu kuonekana mapema, na kuonekana na mtu anayeweza kuitengeneza."

"Na wanaosema kazi inaisha ikishatoka?"

"Kuitoa ni harusi. Kuitunza ndiyo ndoa."

Chumba kilicheka, Mdadisi akapiga paja. Wakazungumza juu ya majina ndani ya programu, na jinsi jina baya linavyomdanganya mtu miaka mingi baadaye. Wakazungumza juu ya majaribio yanayopita kwa sababu aliyeyaandika na aliyeandika kazi wana ujinga uleule. Kila alichosema kilikuwa kweli, na alikisema kwa sauti ile tulivu iliyomjengea jina. Lakini chini ya meza alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa kile kitambaa.

"Tufike kwenye jambo la wiki hii," Mdadisi alisema. "Bila majina. Ilikuwaje?"

Chujio akaeleza. Alieleza saa za aina mbili, ya mashine na ya kwetu, alieleza sita iliyotolewa mara mbili, alieleza kipande kilichoitwa "saa" na akakiri kuwa ni cha mkono wake na kilistahili jina bora. Mkurugenzi alitikisa kichwa akiridhika. Ungamo dogo kama hilo huwafurahisha wasikilizaji na halimgharimu mtu kitu.

Mdadisi aliinama mbele. Alikuwa na udadisi wa kweli, hakuwa anatega.

"Kuna kitu sikipati. Huyu aliyekuja kugeuza mara ya pili. Alipoikuta hiyo saa haina maelezo, hakushtuka? Hakujiuliza ni saa ya nani?"

"Alijiuliza, bila shaka."

"Sasa si angemuuliza mtu?"

"Sisi tuna utaratibu wa kuandika maswali kwenye ukurasa wa ukaguzi," Chujio alisema. "Kwenye ukurasa huo hakuna swali."

Hapakuwa na neno la uongo hapo. Aliyapima maneno hayo yakitoka, moja moja, akaona yote yamekaa sawa, na kwa sekunde moja alijivunia. Halafu akaona aibu, kwa sababu hakuwahi kujijua kuwa fundi wa jambo hilo.

"Kwa hiyo angekuuliza tu," Mdadisi alisema, akielekea kwenye jambo lingine, "ungemwambia."

Halikuwa hata swali. Lilihitaji "ndiyo" moja fupi, na wangepita. Chujio aliinua macho yake kutoka mezani akamtazama Mgeni, na ukweli ni kwamba alitafuta hasira. Alitaka kumwona msichana amekunja uso, amenuna, anamlaani moyoni, ili naye apate cha kukazia moyo wake. Akamkuta anaitikia. Mgeni alikuwa anatikisa kichwa taratibu, juu, chini, kama mwanafunzi anayesikia kosa lake likielezwa na mwalimu na kuona kweli ni kosa. Kisha akainama akaandika kwenye daftari lake: alikuwa ananakili funzo.

"Aliniuliza," Chujio alisema.

"Samahani?" Mdadisi alisema.

"Aliniuliza. Wiki moja kabla ya toleo, pale kwenye birika. Aliniuliza hii saa ni ya mashine au ni ya kwetu. Nikamjibu ni ya mashine, ageuze. Nilikosea. Sikuangalia. Kazi ilikuwa yangu, ningetumia dakika moja kuifungua, sikuifungua."

"Zima hiyo," mkurugenzi alisema kutoka ukutani.

Mkono wa Mdadisi ulikuwa tayari kwenye kitufe. Alimtazama Chujio.

"Usizime, mzee. Jana aliulizwa hapa mbele ya watu wote kama alimuuliza mtu, akanitazama, nikanyamaza. Angefukuzwa leo saa nane kwa jibu langu mimi. Shangazi yangu amelazwa kwa jibu langu mimi. Asubuhi ameniambia aliyekosea afukuzwe, nikamwitikia ndiyo."

Mgeni alikuwa ameacha kuandika.

"Hiyo sehemu haitatoka," mkurugenzi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka karibu na sakafu. "Kliniki hizi zilituamini kwa ajili ya jina lako wewe, dada. Wewe si mtoto wa miaka miwili kazini. Ukianguka wewe tumeanguka wote. Hujui hilo?"

"Nalijua, bosi. Ndilo lililonifunga mdomo."

"Basi ungefikiria kabla ya kusema."

"Nimefikiria tangu Jumatano. Barua ya kliniki nitaiandika mimi, kwa jina langu. Ukitaka kuniondoa, niondoe, lakini barua iende hivyo."

Mkurugenzi alitoka akaingia ofisini kwake akafunga mlango, na kupitia ukuta walimsikia akipiga simu. Mdadisi alianza kukunja kitambaa chake polepole. Timu walibaki wametazama magoti yao. Kulikuwa na mmoja aliyejaribu mzaha, akasema angalau leo chujio limejichuja lenyewe, na hakuna aliyecheka, naye akatamani angenyamaza.

Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu.

Chujio alimkuta kwenye ngazi, ghorofa moja chini, amekaa kwenye kipandio na daftari kifuani. Alikuwa amejiandaa kwa shukrani. Ni aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa: akishuka ngazi alikuwa ameshaandaa na jibu lake, la unyenyekevu, la kukataa kushukuriwa.

"Mdogo wangu," alianza.

"Usikae," Mgeni alisema.

Chujio alikuwa ameshainama nusu. Akasimama tena, mkono kwenye reli.

"Ulijua toka Jumatano?"

"Toka Jumatano."

"Na jana nilipokutazama?"

"Nilijua unanitazama."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa." Alitaka kuongeza jambo la jina, na kliniki, na miaka tisa, akaona yote yako ndani ya neno hilo moja. "Niliogopa tu."

Mgeni alipitisha kidole kwenye ukingo wa daftari. Aliposema tena alisema taratibu, kama anavyosoma mistari ya programu, akirudi nyuma kuhakikisha.

"Mimi jana nilikwenda nyumbani nikajiambia labda sikukuuliza. Wewe hukosei. Kila mtu anajua hukosei. Ningekuwa nimekuuliza kweli ungesema. Kwa hiyo nikajiambia labda nilitaka kukuuliza, nikaona una simu, nikaogopa, nikarudi mezani nikageuza kwa akili yangu. Nikaanza hata kujiona kabisa, ninavyorudi mezani. Nimemwambia mama yangu sikuuliza. Amelia. Nimemwambia, mama, ni kosa langu, sikuuliza." Alimeza mate. "Leo umelisema mbele ya kipaza sauti na mimi nimeshtuka kama wengine. Sikujua, dada. Unanielewa? Sikujua tena."

Chujio alikuwa amekwenda kumrudishia msichana kazi yake, na sasa aliona kwamba kazi ndiyo iliyokuwa ndogo katika vitu alivyomchukulia. Hakuomba msamaha. Aliona neno hilo halina mahali pa kukanyaga.

"Sasa niambie mimi," Mgeni alisema. "Usimwambie bosi wala yule mzee. Niambie mimi. Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza, 'Dada, hii saa ni ya mashine au ni ya kwetu?'"

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema, 'Ya mashine. Geuza tu.'"

"Ulinitazama?"

"Hapana. Nilikuwa naitazama simu."

"Nilikuwa nimesimama wapi?"

"Upande wa dirisha. Ulikuwa umeshika daftari hilohilo. Ulingoja kidogo nilipokujibu, kama mtu asiyeridhika, halafu ukasema asante."

Mgeni alifunga macho. Machozi ambayo hakuyatoa Jumatano wala Alhamisi yakaanza kushuka, na hakuyafuta. Juu yao mlango ulifunguliwa, mtu akaita jina la Chujio mara mbili, akarudi ndani.

"Rudia," Mgeni alisema.

Chujio akarudia, tangu mwanzo.